Mama wa Nyumbani Katika Picha za Sinema

Wale walio nyuma na wasogee karibu na redio, ili kila mtu asikie vizuri.

Mara nyingi tunaposoma historia tunasoma habari za wafalme, za vita na za mikataba. Leo tutasoma habari za jiko. Tutauliza swali moja: Je, mama akaaye nyumbani kulea watoto na kutunza nyumba, watu wamemwonaje?

Kwanza ikumbukeni siku mliyojiandikisha darasani. Mwandikishaji aliuliza jina, kisha umri, kisha akauliza, "Unafanya kazi gani?" Mmoja alijibu mkulima, mwingine mvuvi, mwingine seremala. Lakini wako akina mama wengi ambao, wakiulizwa hivyo, hujibu, "Sina kazi. Mimi nipo nyumbani tu." Mama huyo ameamka kabla ya jogoo. Ameteka maji, amewasha moto, amepika uji, amemwogesha mtoto, amefagia, amefua, amepika tena, ndipo akaja kusoma. Naye asema hana kazi!

Neno hilo "tu" limetoka wapi? Chanzo chake chote hatuwezi kukipata katika somo moja. Lakini upo mlango mmoja tunaoweza kuuchungulia, nao ni sinema. Picha za sinema huhifadhi mambo ambayo watu wa wakati fulani waliyaamini hata bila kuyasema. Picha nitakazozitaja leo zilitengenezwa Marekani, isipokuwa moja ya Ubelgiji. Picha za Marekani zilisafiri mbali. Zilionyeshwa hata katika majumba ya sinema ya Mombasa, Nairobi, Unguja na Dar es Salaam. Kama hujaziona, usihofu. Nitakusimulia.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni miaka hii: 1937, 1945, 1975, 1979, na 2022. Tutaifuata mmoja mmoja.

MAMA ALIYESIMAMA MVUANI

Mwaka 1937 ilitokea picha yenye jina Stella Dallas. Mwongozaji wake alikuwa King Vidor, na aliyecheza kama mama ni Barbara Stanwyck. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Olive Higgins Prouty cha mwaka 1923.

Stella ni binti wa mfanyakazi wa kiwanda. Anaolewa na bwana wa tabaka la juu, nao wanapata mtoto wa kike, Laurel. Baadaye bwana anahamia New York kwa ajili ya kazi, na mama anabaki kumlea mtoto. Anamshonea nguo kwa mikono yake. Anamfundisha heshima. Lakini Stella mwenyewe anavaa nguo za kung'aa kupita kiasi na anacheka kwa sauti kubwa. Watu wakubwa wanamdharau. Siku ya kuzaliwa kwa Laurel mama anaandaa meza, anapanga vikombe na keki, na wageni hawaji hata mmoja. Mama na mtoto wanakaa mezani peke yao.

Mwisho Stella anaona kwamba yeye ndiye anayemzuia binti yake kuinuka. Basi anamdanganya. Anajifanya hamtaki tena, ili mtoto aende kuishi kwa baba yake na mke wa pili, aliye tajiri na mwungwana. Siku ya arusi ya Laurel, Stella hakualikwa. Anasimama nje barabarani, mvua inamnyeshea, anachungulia dirishani. Askari anamwambia aondoke. Anaomba kidogo tu auone uso wa mwanawe. Kisha anaondoka, machozi yakimtoka, naye anatabasamu.

Watu wengi walilia. Lakini tutazame vizuri. Nguo nzuri za Laurel, adabu yake, na upole wake vilitoka katika mikono ya nani? Vilitoka kwa yule aliye nje mvuani. Picha inamsifu mama, lakini inamsifu zaidi anapojiondoa. Ni kana kwamba kazi yake ikimalizika, na yeye aondolewe pamoja na kifusi cha ujenzi.

Kwa nini picha za wakati ule zilikuwa hivyo? Sababu moja ni kanuni. Makampuni ya sinema ya Marekani yalikuwa na kanuni iliyoandikwa mwaka 1930, nayo ilianza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1934. Kanuni hiyo ilitaka heshima ya ndoa na ya nyumba ilindwe katika kila picha. Ilidumu mpaka mwaka 1968. Kwa hiyo mama wa kwenye picha alitakiwa awe mfano mwema, na asiyekuwa mfano alitakiwa alipe.

MAMA ALIYETOKA NYUMBANI

Sasa twende mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha. Wakati wa vita mamilioni ya wanawake wa Marekani walifanya kazi katika viwanda vya ndege, vya meli na vya silaha. Askari waliporudi, wanawake wengi waliondolewa kazini au walihimizwa warudi nyumbani.

Mwaka huo huo ikatokea picha yenye jina Mildred Pierce, ya mwongozaji Michael Curtiz. Mchezaji mkuu, Joan Crawford, alipata tuzo ya Oscar kwa picha hiyo. Mildred ni mama wa watoto wawili. Mumewe hana kazi, naye anaoka keki nyumbani na kuziuza kwa majirani. Wanapoachana, anakuwa mhudumu katika mkahawa. Halafu anafungua mkahawa wake, kisha mwingine na mwingine. Ni mwanamke hodari wa biashara.

Je, picha inampongeza? Hapana, inampiga. Siku chache ambazo Mildred anatoka kujiburudisha na bwana mwingine, ndizo ambazo binti yake mdogo anashikwa na nimonia na kufa. Binti mkubwa, aliyepewa kila kitu, anakuwa na dharau na choyo, na mwisho anaua mtu. Katika kitabu cha James M. Cain cha mwaka 1941, ambacho picha ilitokana nacho, mauaji hayo hayamo. Watengenezaji wa sinema waliyaongeza wenyewe. Mwisho Mildred anatoka katika kituo cha polisi alfajiri pamoja na mume wake wa kwanza. Nyuma yao wako wanawake wawili waliopiga magoti, wanasugua sakafu.

Wanafunzi, linganisheni. Stella alikaa nyumbani, akaonekana hafai kwa kuwa hana ustaarabu. Mildred alitoka kutafuta riziki, akaonekana hafai kwa kuwa hakukaa. Kumbe kosa halikuwa katika kukaa wala katika kutoka. Mama alipimwa kwa kibaba ambacho hakijai.

MAMA ALIYEFANYWA MASHINE

Baada ya vita familia nyingi za Marekani zilihamia nyumba mpya kandokando ya miji. Kila nyumba ilikuwa na bustani, mashine ya kufulia na jiko la umeme. Matangazo ya biashara yalimwonyesha mama akitabasamu mbele ya jiko. Mwaka 1963 mwandishi Betty Friedan alitoa kitabu, The Feminine Mystique, akaeleza kwamba wengi wa akina mama hao hawakuwa na furaha, na kwamba walikuwa wakiona haya kusema.

Kitabu hicho kiliamsha mabishano makubwa, na sinema nayo ikaingia. Mwaka 1975 ilitokea The Stepford Wives, kutokana na kitabu cha Ira Levin cha mwaka 1972. Familia inahamia katika mji mdogo ambako wake wote ni wazuri, wapole, na hawazungumzi lolote ila usafi na mapishi. Mwisho tunajua siri: waume wa mji ule wamewaua wake zao na kuweka mahali pao mashine zenye sura zile zile. Katika sehemu ya mwisho wake hao wanapita dukani, wanasukuma vikapu vyenye magurudumu, wanasalimiana polepole kwa sauti moja.

Picha hiyo ilitaka kuwakemea waume. Lakini Betty Friedan mwenyewe aliikataa, akaona kwamba imeyachukua madai ya wanawake na kuyafanya biashara. Wengine waliitetea. Mimi naongeza jambo moja. Mama anayependa kuoka mikate na kupanga nyumba yake atajionaje akitoka katika sinema hiyo? Zamani aliambiwa ajitoe mhanga. Sasa anaambiwa kwamba akipenda kazi yake, hana akili, ni chuma. Dharau imebadili nguo, lakini ni ile ile.

Mwaka 1975 ulikuwa pia Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, kwa tangazo la Umoja wa Mataifa. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, karibu wanawake 9 katika kila 10 wa nchi ya Iceland waliacha kazi kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani pia. Shule na viwanda vingi vilishindwa kuendelea. Akina baba walilazimika kwenda kazini na watoto wao. Kazi ambayo haikuonekana kila siku ilionekana siku iliposimama.

BABA ANAINGIA JIKONI

Jambo hilo la Iceland linatusaidia kuielewa picha ya mwaka 1979, Kramer vs. Kramer, iliyoongozwa na Robert Benton. Ted Kramer wa New York anafanya kazi katika kampuni ya matangazo. Usiku mmoja anarudi na habari njema za kazini. Mkewe Joanna, ambaye amekuwa nyumbani akimlea mtoto wao Billy, anamwambia kwamba anaondoka. Naye anaondoka kweli.

Asubuhi Ted anajaribu kupika mkate wa kuchovya katika mayai. Anavunja mayai vibaya, anaunguza mkate, anaungua mkono, anapiga kelele. Mtoto anamtazama tu. Karibu na mwisho wa picha wanapika tena mkate ule ule. Safari hii baba na mtoto wanafanya kazi bila neno, kila mmoja anajua zamu yake. Hapo tunatambua kwamba kupika asubuhi ni ufundi, na kwamba ufundi huo unachukua miezi kujifunza.

Picha ilipata tuzo 5 za Oscar, pamoja na ile ya picha bora. Dustin Hoffman aliyecheza kama baba alipata, na Meryl Streep aliyecheza kama mama alipata. Iko habari moja yenye faida kwetu. Katika picha wazazi wanashtakiana mahakamani juu ya mtoto, na mama anasimama kujieleza. Meryl Streep hakuridhika na maneno aliyoandikiwa mama yule. Akaruhusiwa kuyaandika upya yeye mwenyewe, ili mama naye awe na hoja. Hata hivyo mama anashinda kesi, kisha anamwacha mtoto kwa baba yake. Tangu Stella mpaka Joanna ni miaka 42, na bado wema wa mama unathibitishwa kwa kumwachilia mtoto.

Mwaka 1983 ikafuata picha ya kuchekesha, Mr. Mom. Fundi wa kiwanda cha magari anapoteza kazi, mkewe anaajiriwa, naye anabaki nyumbani. Mashine ya kufulia inamshinda, watoto wanamshinda, watu wanacheka. Kucheka si vibaya. Lakini mama alipofanya kazi zile kwa miaka mingi, nani alimtengenezea picha? Baba akizifanya kwa majuma machache, ni hadithi ya kulipiwa tiketi.

WAHAKIKI WALISEMA NINI?

Mhakiki ni mtu anayetazama picha, kisha akaandika uzuri na ubaya wake. Zamani wahakiki wengi wa magazeti walikuwa wanaume. Picha kama Stella Dallas waliziita picha za wanawake, picha za machozi. Maana yao ilikuwa kwamba si kazi za maana.

Mwaka 1974 mhakiki mwanamke, Molly Haskell, alitoa kitabu juu ya wanawake katika sinema, kiitwacho From Reverence to Rape. Aliuliza kwa nini machozi ya wanawake yadharauliwe, na vita vya wanaume vihesabiwe kuwa mambo mazito. Alionyesha pia jinsi picha zile zilivyorudia daima habari ya mwanamke kujinyima.

Halafu wataalamu wawili wakabishana juu ya Stella mwenyewe. Mwaka 1983 E. Ann Kaplan aliandika kwamba picha ile inamfundisha mama kukubali kusukumwa pembeni, abaki mtazamaji wa maisha ya mwanawe. Mwaka 1984 Linda Williams alimjibu. Alisema kwamba wanawake wanaotazama si wajinga. Wanalia na Stella, na papo hapo wanaona gharama aliyotozwa na hawaikubali. Mabishano hayo yana faida kwetu sisi tunaojifunza kusoma. Yanatufundisha kwamba hadithi inaweza kukuambia jambo, nawe ukaisoma kinyume.

Tusisahau upande mwingine. Mwaka 2003 picha Mona Lisa Smile ilionyesha chuo cha wanawake cha mwaka 1953. Mwalimu anamhimiza mwanafunzi hodari asome sheria. Mwanafunzi anachagua ndoa na nyumba, na anamwambia mwalimu kwamba huo ni uchaguzi wake mwenyewe, wala si upungufu. Picha yenyewe inamwunga mkono mwalimu, lakini inampa msichana yule nafasi ya kusema. Ni haki. Mtetezi wa wanawake akimdharau mama wa nyumbani, naye amepotea njia.

PICHA YA VIAZI

Nimeiweka picha ya Ubelgiji mwisho, ingawa nayo ni ya mwaka 1975. Mwongozaji wake ni mwanamke, Chantal Akerman, aliyekuwa na umri wa miaka kama 25. Jina lake ni anwani ya nyumba: Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Inachukua saa 3 na dakika 21.

Jeanne ni mjane mwenye mwana mmoja. Tunamwona kwa siku tatu. Anatandika kitanda, anaosha vyombo, anapiga viatu rangi, anamenya viazi. Kamera haikatishi kazi ili twende haraka. Kiazi kikimenywa, tunakiona kikimenywa mpaka mwisho. Kila alasiri anapokea mwanamume chumbani kwa fedha, maana hana njia nyingine ya kuilisha nyumba. Siku ya pili viazi vinaungua. Ni jambo dogo, lakini kwa kuwa tumeijua kazi yake, tunashtuka. Siku ya tatu kunatokea msiba, naye anaua mtu.

Wengi waliona picha hiyo inachosha. Lakini wako wahakiki walioipenda tangu mwanzo, na idadi yao ikakua. Gazeti la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki wa dunia kila baada ya miaka 10, tangu mwaka 1952, picha gani imezidi zote. Mwaka 2022 waliulizwa wahakiki na wataalamu zaidi ya 1,600. Picha ya kwanza ikawa ile ya mama anayemenya viazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa picha ya mwongozaji mwanamke kupata nafasi hiyo. Chantal Akerman hakuyasikia matokeo, kwani alifariki mwaka 2015.

TUMEJIFUNZA NINI?

Tumeona mama wa mvuani, mama wa biashara, mama wa mashine, na mama aliyeondoka. Katika picha hizo sinema ilimtazama mama alipokosa, alipotoka, au mtu mwingine aliposhika nafasi yake. Kazi yenyewe, ya kila siku, haikutazamwa mpaka mwongozaji mmoja alipoweka kamera jikoni na kungoja.

Wala si sinema tu. Mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kuhesabu mapato ya taifa. Mapishi na malezi ya mama katika nyumba yake mwenyewe hayakuingizwa katika hesabu, na mpaka leo hayamo katika jumla ile. Mpishi akiajiriwa hotelini, mshahara wake unahesabiwa. Akiwapikia watoto wake chakula kile kile, hesabu haimwoni. Basi yule mama aliyejibu "nipo nyumbani tu" hakubuni neno hilo. Alifundishwa na wengi, na baadhi yao walikuwa na vitabu vikubwa.

Kazi ya nyumbani kwenu ni hii. Chukua daftari. Andika kazi zote zilizofanyika nyumbani kwako jana, tangu alfajiri hadi watu walipolala. Mbele ya kila kazi andika jina la aliyeifanya. Usiruke kazi ndogo. Wanaume, nanyi andikeni. Kisha leteni orodha darasani mzisome kwa sauti, na mwalimu ahesabu.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini Stella alimdanganya binti yake? Wewe ungalifanyaje?
2. Mildred aliadhibiwa kwa kosa gani katika picha? Je, lilikuwa kosa?
3. Kwa nini watu humcheka baba akishindwa na kazi za nyumbani, lakini humlaumu mama akishindwa nazo?
4. Mwandikishaji akija tena na kuuliza, "Unafanya kazi gani?", mama aliye nyumbani ajibu nini?

Swali la nne lijibiwe na kila mtu, wake kwa waume. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.